Kifo cha Siku ya Ofu

Katika kiwanda cha nondo hatari inaonekana kwa macho. Mche wa chuma hutoka tanurini ukiwa mwekundu, joto lake limepita nyuzi 1,000, ukaingia kwenye rola na kutokea upande wa pili mwembamba na mrefu zaidi. Upande huo anasimama mtu mwenye koleo. Kazi yake ni kuidaka ncha na kuirudisha kwenye rola inayofuata kabla chuma hakijapoa. Akichelewa, au rola ikigoma, mche hupinda na kuruka hewani, na ukimpitia mtu hauna msamaha. Kwa hiyo kila mtu pale anakiogopa chuma, na zamu haianzi kabla supavaiza hajakagua kofia ngumu, glovu na viatu.

Athumani alishika koleo miaka 17, katika kiwanda kimoja pembeni ya Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, na chuma hakikumgusa hata siku moja. Alikufa Jumapili, siku yake ya ofu, nyumbani kwake Kiwalani, ameketi barazani akisubiri maji ya kuoga. Alikuwa na umri wa miaka 46.

Niseme mapema kwamba Athumani hayumo katika kitabu cha mahudhurio cha kiwanda chochote. Nimemuunga kutokana na maisha ya watu wengi wa kazi hizo, na jina nimempa mimi. Yatakayofuata kuhusu madaktari, tafiti na sheria hayakutungwa.

Msibani kila mtu alikuwa na lake. Majirani walisema presha ilimpanda. Shangazi yake alinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, maana marehemu alikuwa ameanza kuezeka nyumba kijijini. Wazee walisema siku zake zimefika, na hilo halina mjadala. Kiwanda kilileta basi dogo la wafanyakazi wenzake, magunia mawili ya mchele na bahasha ya rambirambi, na afisa utumishi akasema maneno mazuri juu ya uaminifu wa marehemu. Hakuna aliyejaza fomu yoyote ya ajali wala ya ugonjwa utokanao na kazi. Angeijaza kwa lipi? Mtu amefia kwake, siku ya mapumziko, hana hata mchubuko. Daftari la ajali la mwezi ule lina vidole viwili vilivyobanwa na jicho moja lililoingia cheche. Moyo haumo.

Mimi nasema ulipaswa angalau kuulizwa. Moyo unaochakaa kiwandani mara nyingi husimama nyumbani, na kwa sababu husimama nyumbani, kazi haiitwi hata kama shahidi.

Ushahidi wa wazi wa jambo hili ulitoka katika viwanda vya baruti. Nitrogliserini ndiyo nguvu ya dainamaiti, baruti ambayo Alfred Nobel, mtu wa Sweden, aliipatia hataza mwaka 1867. Waliokuwa wakiichanganya waliivuta kwa pua na kuipata kupitia ngozi ya mikono. Kila Jumatatu wakirudi kazini walishikwa na kichwa cha kupasuka, lakini baada ya siku moja au mbili mwili ulizoea na maumivu yakaisha. Mazoea hayo yalipotea wakipumzika mwisho wa wiki, na Jumatatu mateso yakaanza upya. Wengine wakabuni ujanja wa kujipaka kidogo kwenye utepe wa ndani wa kofia na kwenda nayo nyumbani, ili wasiizoee hewa safi.

Ujanja ule ulikuwa na maana kubwa kuliko walivyodhani. Nitrogliserini hutanua mishipa ya damu. Mwili unaoipata kila siku hujitetea kwa kuibana mishipa, ili msukumo wa damu usianguke. Ikifika Jumamosi nitrogliserini haipo tena, lakini ule ubanaji unaendelea, na mishipa ya moyo wenyewe inakaza. Mwaka 1972 madaktari wa Marekani waliandika habari za wafanyakazi tisa wa kiwanda cha silaha waliokuwa wakibanwa na kifua siku za mapumziko. Kilichowashangaza ni kwamba wagonjwa waliopigwa picha za mishipa ya moyo hawakuonekana na ule utando wa mafuta uliotarajiwa. Wakiwa kazini walikuwa wazima, wakiwa nyumbani wakawa wagonjwa. Sasa mfikirie daktari wa kiwanda anayewapima Jumatano asubuhi. Kila mmoja angempa cheti cha afya njema, na asingekuwa amesema uongo.

Nobel mwenyewe hakukwepa. Mwaka 1896, moyo ukimsumbua, madaktari walimwandikia nitrogliserini hiyo hiyo, kwa kuwa kufikia wakati ule ilishajulikana kuwa dawa ya maumivu ya kifua. Katika barua kwa msaidizi wake aliandika kuwa hiyo ni dhihaka ya majaliwa. Alifariki Desemba mwaka huo huo.

Kiwanda cha nondo hakina nitrogliserini. Kina joto, kelele, moshi, usiku na saa nyingi, na hivi havisababishi kichwa cha Jumatatu ambacho kingemshtua mtu.

Athumani aliingia pale kama kibarua wa kuchambua vyuma chakavu, analipwa kwa siku. Alipopewa koleo akapewa na mkataba, na mkataba ukaja na zamu: wiki moja anaingia saa kumi na mbili asubuhi, wiki inayofuata saa kumi na mbili jioni. Ya usiku ilimpa posho kidogo, akaipenda. Kulala mchana ndiko kulikokuwa kazi. Chumba chake kiliezekwa kwa bati bila dari, jirani upande mmoja mashine ya kusaga, upande wa pili kinyozi mwenye spika. Saa nne za usingizi zilikuwa ni bahati.

Saa sita usiku, mashine zikisimama kidogo, getini alikuwapo muuza chipsi peke yake. Athumani alikula zege, yaani chipsi na mayai, chumvi juu, tomato sosi juu ya chumvi, na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu ili macho yasifunge. Mfukoni alikuwa na chumvi nyingine kwenye karatasi. Fundi wa zamani alimfundisha kwamba jasho linamaliza chumvi mwilini, hivyo anayefanya kazi ya moto lazima airudishe. Nusu ya somo lile ni kweli. Jasho hutoka na chumvi. Lakini chakula anachokula Mswahili wa kawaida kinatosha kuirudisha na kubaki, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyo ndani ya mkate, mchuzi na sosi. Alichokikosa Athumani ni maji. Pipa lilikuwa mbali na rola, na anayekwenda huko mara kwa mara anaonekana mtegaji.

Vivyo hivyo sigara. Tunapenda kumsema mfanyakazi anayevuta, na sigara kweli ni adui mkubwa wa moyo, mimi siitetei. Ila tutazame ilivyokuwa pale. Mtu akikaa tu chini apumue, supavaiza atamuuliza kama amechoka kazi. Akitoka na sigara, ameenda "kuvuta mara moja", na hakuna anayemuuliza. Athumani hakuwa mvutaji alipoajiriwa. Sigara ndiyo iliyokuwa ruhusa pekee ya kupumzika isiyohitaji maelezo.

Mwaka mmoja wakaja wapimaji wa afya. Mashine ya presha ikaonyesha 165 kwa 105. Nesi akarudia mkono wa pili, ikawa ile ile. Kwa mtu mzima, presha ikifika 140 kwa 90 na kubaki hapo katika vipimo vya siku tofauti, huo ni ugonjwa. Akaambiwa apunguze chumvi, aache sigara, apate usingizi na aende zahanati. Ushauri safi kabisa, na karibu wote ulihitaji kiwanda kingine.

Zahanati alikwenda. Akapewa vidonge vya aina mbili, kimoja kikiwa cha kupunguza maji mwilini. Sasa hapa msomaji atulie, maana wengi wanaoacha dawa tunawaita wakaidi bila kuuliza kilichotokea. Kidonge kile kinamfanya mtu aende haja ndogo mara nyingi. Kwenye rola mtu haondoki; lazima ampungie mwenzake aje ashike koleo, na mwenzake ana kazi yake. Siku ya kwanza walicheka. Siku ya tatu supavaiza alimuuliza mbele ya watu kama ameanza kuwa mjamzito. Wiki ya pili Athumani akaanza kumeza vidonge siku za ofu tu. Mwisho wa mwezi akaona hana kizunguzungu, haumwi kichwa, akaviacha kabisa. Presha ya juu ina ubaya huo: kwa watu wengi haiumi popote, inakwenda ikiharibu kuta za mishipa, moyo na figo kimya kimya, na anayeacha dawa anajisikia vizuri kuliko anayezimeza. Daktari angeweza kumbadilishia dawa, zipo aina nyingine, au kumpangia saa ya kumeza inayoendana na zamu yake. Lakini hakuulizwa anafanya kazi gani, naye hakusema.

Miezi ya mwisho dalili zilikuja, kila moja ikiwa imejiandalia jina la uongo. Kifua kilipobana akasema kiungulia, akanunua dawa ya gesi. Mkono wa kushoto ulipouma akasema koleo. Pumzi ilipomkatika akipanda daraja la waenda kwa miguu, akasema umri.

"Baba Zuhura, hiyo pumzi si ya kawaida," mkewe alimwambia. "Nenda hospitali ya Amana wakakupime."

"Uchovu tu, mama Zuhura. Nikipata ofu nitalala."

Jumamosi ile alikubali kumshikia mwenzake zamu ya usiku. Alirudi Jumapili asubuhi, akanywa chai, akatokwa na jasho jembamba la baridi, akasema kifua kimejaa kana kwamba mtu amemkalia. Akamtuma mtoto dukani kwa dawa ile ile ya gesi. Mkewe akabandika maji jikoni. Kwa mshtuko wa moyo, saa ya kwanza na ya pili ndizo zenye thamani, na katika mji huo huo, pale Muhimbili, kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete yenye mitambo ya kuzibua mishipa ya moyo. Hakuna hata mmoja pale barazani aliyefikiri moyo.

Najua kuna anayesoma hapa akisema: sigara yake, chumvi yake, dawa aliacha mwenyewe, kiwanda kinahusikaje? Swali la haki. Jibu zuri ninalolijua liko New York. Mji ule ulikuwa na maofisa wa kusimamia magari, wengine kwenye madaraja, wengine kwenye mahandaki ya barabara yanayopita chini ya maji. Mwajiri mmoja, kazi moja. Tofauti ilikuwa hewa. Wa darajani walipigwa na upepo; wa handakini walivuta moshi wa magari wenye kaboni monoksaidi, gesi ile ile inayowaua watu wanaolala na jiko la mkaa chumba kikiwa kimefungwa. Gesi hiyo hukamata damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na moyo ukalazimika kusukuma zaidi kwa kupata kidogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 1988 ulifuatilia maofisa 5,529. Wa handakini waliokufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo walikuwa 61 wakati waliotarajiwa ni 45. Na hatari hiyo ilififia ndani ya miaka michache baada ya mtu kuondoka handakini. Kama ingekuwa chakula na tabia za watu peke yake, kuhama kutoka kwenye moshi kusingebadilisha kitu. Tanuri la kuyeyushia chuma nalo hutoa gesi hiyo, na sigara ya mapumziko huiongezea.

Joto na kelele vina njia zao. Moyo katika joto kali hupiga mbio ili kupeleka damu kwenye ngozi ipoe, na mwili uliokauka maji una damu nzito zaidi ya kusukuma. Kelele za mfululizo humweka mtu katika hali ya kushtuka hata akiwa ameshazizoea, na presha hupanda nayo. Vyuma chakavu vilivyopakwa rangi za zamani huweza kutoa mvuke wa risasi, ambayo pia hupandisha presha. Sitakaa sana hapa. Viziba masikio, feni za kutoa hewa na maji ya kunywa karibu na mtu si elimu ya siri.

Zamu ndiyo inayobishaniwa zaidi, kwa sababu katika kila kiwanda yupo mzee mwenye nguvu anayejigamba: mimi miaka 25 naingia usiku, nina tatizo gani? Mwaka 1986 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka 15 wafanyakazi 504 wa kiwanda cha karatasi. Hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ilipanda kadiri miaka ya zamu ilivyoongezeka, na kwa waliofanya kati ya miaka 11 na 20 ilikuwa zaidi ya mara mbili ya wale wa mchana. Kisha kwa waliopita miaka 20 ikaanguka chini kabisa. Je, baada ya miaka 20 zamu inakuwa tiba? La. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba waliodhoofika walishaomba mchana, walishaacha kazi au walishazikwa. Waliobaki ni wale wenye miili migumu tangu awali. Yule mzee anayejigamba si ushahidi kwamba zamu ni salama. Angepaswa kuulizwa aliingia na nani, na wako wapi.

Kuhusu saa za kazi, mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na ugonjwa wa moyo katika mwaka 2016. Ikilinganishwa na mtu wa saa 35 hadi 40, hatari ya kiharusi inaongezeka kwa asilimia 35, na ya kufa kwa ugonjwa wa moyo asilimia 17. Wengi wa waliokufa walikuwa wameshafika miaka 60 na kuendelea, yaani huenda wengi wao walikufa baada ya kazi ile kuisha, wakiwa majumbani mwao, wakati mwajiri hata jina lao amelisahau.

Athumani, kwa zamu sita za saa 12, alikuwa kwenye saa 72. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na za ziada zisizidi 50 katika kila wiki nne. Kiwanda chake kilikuwa nje ya sheria. Lakini piga hesabu ya anayeifuata hadi mwisho wake: 45, ongeza 12 na nusu, unapata 57 na nusu. Mwajiri asiyevunja sheria hata kidogo anaweza kumweka mtu wake mwaka mzima juu ya mstari ule wa 55. Waheshimiwa wanaotunga sheria, na vyama vya wafanyakazi vinavyopigania malipo ya ovataimu pasipo kugusa wingi wake, walitazame hilo. Athumani mwenyewe asingewaunga mkono, najua. Ovataimu ndiyo iliyonunua bati za kijijini. Mshahara wa saa 45 usiolisha familia ni kisababishi cha ugonjwa wa moyo sawasawa na chumvi, ila daktari hana kidonge chake.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka mfanyakazi apimwe anapoajiriwa na kila baada ya muda akiwa kazini. Vipimo vinafanyika katika viwanda vingi. Karatasi zake huwekwa kwenye faili na faili kabatini. Ile 165 kwa 105 ya Athumani ilikuwa kabatini siku alipokubaliwa kushika zamu ya mwenzake. Supavaiza hakuijua, na siri ya mgonjwa ni jambo la kuheshimiwa; lakini nesi angeweza kuandika mstari mmoja usiotaja ugonjwa wowote: huyu asipangiwe usiku mfululizo, aruhusiwe kutoka kwenda msalani na kunywa maji. Mstari huo haugharimu kiwanda shilingi. Mashine ya presha ya kuweka getini haifikii bei ya rola moja iliyoharibika. Na muuza chakula wa pili pale nje, mwenye ugali, mboga na maharage saa sita usiku, anahitaji tu kuruhusiwa na taa.

Ewe mwenye mume, kaka au mtoto anayeingia zamu, usimuulize kama anaumwa, atakwambia mzima. Muulize presha yake ni ngapi. Akiwa haijui, au akitaja 140 kwa 90 kwenda juu, mpeleke hospitali wiki hii, hata kwa gharama ya kukosa zamu moja, na mbele ya daktari aeleze anafanya kazi gani, saa ngapi, na usiku mara ngapi. Na kifua kikimbana akatokwa na jasho la baridi, msimtume mtoto dukani. Tafuteni gari.